Sura ya Tano: Mguu Usiomsikia Panya

Watu wa Pwani husema panya hung'ata huku akipuliza. Ndiyo maana, kwa maelezo hayo, mtu hulala fofofo mpaka alfajiri, akaamka na kukuta kisigino kimetafunwa na shuka lina damu, naye hakusikia kitu. Usemi huo umehamia hata kwa binadamu: anayekudhuru huku akikubembeleza huambiwa anang'ata na kupuliza.

Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, wakiwamo Zulfiqarali Abbas na Janet Lutale wa Muhimbili, walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Pumzi ya panya haikuhusika. Miguu yao ilikuwa imekufa ganzi muda mrefu kabla panya hajapanda kitandani. Mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu inayolishwa nayo ilikuwa imeharibika taratibu, mwaka baada ya mwaka, bila maumivu ya kumtoa mtu nyumbani kwenda hospitali.

Magomeni, mtaa wa jiji hilohilo, inawajua panya. Katika nyumba za zamani za Mapipa na Mikumi, zile za korido moja katikati, vyumba kulia na kushoto na uani nyuma, panya hupita juu ya dari, hushuka jikoni, hutokea kwenye mifereji. Kila mpangaji ana habari yake ya panya. Kinachotofautisha habari ya mwenye kisukari ni hicho kimya cha usiku, kwamba jino limeingia kwenye nyama na mwenye nyama akaendelea kulala.

Ugonjwa huu umepewa jina kwa kile kinachoonekana upesi. Waganga wa India ya kale walisema ni mkojo wa asali, na walikuwa wameona sisimizi wakiukimbilia. Mpaka leo wako watu mitaani walioanza kushtuka baada ya kuona sisimizi wamejipanga chooni. Jina ni sahihi, lakini limeyavuta mazungumzo upande mmoja tu. Watu huulizana, "Sukari yako ngapi leo?" Anayejibu kumi na mbili hujiona yuko salama kuliko mwenye ishirini, na chai bila sukari huhesabiwa kuwa tiba. Hakuna anayeuliza mishipa ikoje. Hata hivyo kinachopofusha, kinachoua figo na kinachomfikisha mtu kwenye kukatwa mguu ni hali ya mishipa, hasa ile midogo kiasi kwamba jicho haliioni.

Kazi ya mishipa hiyo midogo inaeleweka vizuri zaidi sokoni Kariakoo. Jina lenyewe la mahali pale limetokana na wabeba mizigo: ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kambi yake ilikuwa hapo. Karne moja baadaye kazi haijabadilika sana. Kontena hutoka bandarini kwa semitrela, hufika Barabara ya Msimbazi, na hapo semitrela hukwama. Kuanzia hapo mzigo huingia Mtaa wa Kongo au Narung'ombe kwa mkokoteni, na hatua za mwisho kabisa, kupita kati ya meza za wamachinga mpaka mlango wa duka, huwa ni bega la mtu. Semitrela haijawahi kumuuzia mtu kanga. Biashara yote hufanyika mwisho wa njia, pale pembamba.

Damu nayo ni hivyo. Mshipa mkuu unaotoka moyoni ni mnene kama kidole gumba. Hugawanyika, hugawanyika tena, mpaka kufikia kapilari, ambazo upana wake ni kati ya sehemu tano na kumi za milimita iliyogawanywa mara elfu. Kwa lugha nyepesi, ukizipanga mia moja bega kwa bega hazizidi upana wa milimita moja. Chembe nyekundu ya damu ina upana unaokaribia huo huo, kwa hiyo chembe hupita moja moja, nyingine zikijikunja ili zipenye. Ukuta wa kapilari ni safu moja tu ya seli. Ni katika wembamba huo peke yake hewa na chakula hutoka kwenye damu na kuingia mwilini, na taka huchukuliwa kurudishwa. Mishipa mikubwa ni barabara tu. Kidole cha mguu, pazia la nyuma ya jicho na chujio la figo huishi kwa kutegemea vichochoro.

Sasa sukari inapozidi humo ndani, nini hutokea?

Seli nyingi za mwili zina namna ya kujikinga. Damu ikijaa glukosi, hupunguza kiasi kinachoingia, kama mwenye duka anayevuta mlango nusu umati ukizidi. Seli zinazojenga kuta za mishipa midogo haziwezi. Mlango wake haufungiki vizuri: glukosi ikiwa nyingi nje, huwa nyingi ndani vilevile. Mwaka 2001 Michael Brownlee, mtafiti wa Marekani ambaye yeye mwenyewe aliishi na kisukari tangu utotoni, alieleza katika jarida la Nature jinsi njia nne tofauti za uharibifu zinavyoweza kuwa na chanzo kimoja. Vinu vya nishati ndani ya seli hulemewa na glukosi, na kama jiko lililojazwa mkaa bila hewa ya kutosha, hutoa moshi. Moshi huo ni chembe za oksijeni zenye ukali, nazo huvuruga kazi nyingine zote za seli.

Wakati huohuo sukari hujibandika kwenye protini. Hii haihitaji kimeng'enya wala ruhusa ya mwili. Hutokea yenyewe, polepole, kama shira inavyoganda juu ya kaimati. Protini iliyogandwa hukakamaa. Utando ulio chini ya seli za ukuta wa kapilari, ambao kwa kawaida ni mwembamba sana, hunenepa. Mtu angetarajia ukuta mnene uwe imara, kumbe ule mnene ndio unaovuja: umepoteza mpangilio wake, ukaacha matundu pasipotakiwa na kuziba panapotakiwa kupitisha. Tundu la ndani nalo huzidi kubana. Mwishoni kichochoro hujifunga, na nyumba zilizokuwa zikitegemea kichochoro hicho hubaki bila huduma.

Kuganda huko kwa sukari ndiko kulikozaa kipimo ambacho kila mwenye kisukari angepaswa kukijua kwa jina. Himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, nayo hugandwa, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kiasi kilichoganda kinaeleza hali ya sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Kipimo hicho huitwa HbA1c. Kuchomwa kidole ni sawa na kumuuliza mtu ana shilingi ngapi mfukoni sasa hivi. HbA1c ni daftari la mangi dukani, ambamo kila kilichokopwa kimeandikwa. Mtu anaweza kufunga kula siku mbili kabla ya kliniki ili kidole kisimuumbue, na wengi hufanya hivyo. Daftari halibadiliki kwa siku mbili. HbA1c ikifika asilimia 6.5 au zaidi, hicho ni kiwango cha kisukari.

Jicho ni mahali ambapo daktari anaweza kuitazama mishipa hii midogo kwa macho yake bila kumpasua mtu. Humtia mgonjwa matone ya kutanua mboni, husubiri kidogo, kisha humulika na kuona pazia la retina na mishipa iliyotandazwa juu yake kama mizizi. Dalili ya kwanza ni vinundu vyekundu vidogo, ambapo ukuta wa kapilari umedhoofika na kuvimba. Kisha mishipa huvuja.

Anayevuka Jangwani kutoka Magomeni kwenda Fire baada ya masika anaijua picha inayofuata. Mto Msimbazi hufurika, barabara hufungwa, mabasi ya mwendokasi husimama, halafu maji hupungua na kuacha tope. Katika retina ni vilevile: majimaji yaliyovuja hunyonywa, lakini mafuta na protini hubaki kama madoa ya njano yenye kingo kali. Tope hilo likiwa pembeni, mtu haoni tofauti yoyote. Likifika katikati, kwenye sehemu ya kusomea na kutambua nyuso, mistari ya kitabu huanza kupinda.

Hatua ya hatari zaidi hutokana na juhudi ya mwili kujiokoa. Sehemu za retina ambazo kapilari zake zimefungwa hukosa hewa, nazo hutuma ujumbe wa kemikali kuomba mishipa mipya. Mishipa huota kweli, ila ni kama ile mipira ambayo watu wa mwisho wa bomba hujiunganishia maji yanapokuwa hayafiki: haikupangwa, haina uimara, hupasuka kwa shinikizo dogo. Ikipasuka, damu humwagika ndani ya jicho, na mtu aliyelala akiona huamka na pazia jeusi. Kabla ya siku hiyo huenda hakuwa na malalamiko hata moja. Mionzi ya leza na sindano za kuzuia ujumbe ule wa kemikali huweza kusimamisha mwenendo huo, na huduma ya macho ya namna hii ipo Dar es Salaam, Muhimbili na CCBRT kule Msasani. Lakini leza hulinda kilichobaki. Mara nyingi hairudishi kilichopotea. Kwa hiyo wakati wa kwenda ni pale mtu anapoona vizuri kabisa, na hilo ndilo gumu kumweleza mwenye siku nyingi za kutafuta riziki.

Figo huharibika kwa kanuni hiyo hiyo, ila mwisho wake ni mwingine. Kila figo ina machujio yapatayo milioni moja, na kila chujio ni furushi la kapilari zilizosokotwa. Kwa siku moja figo mbili huchuja lita zipatazo 180 za majimaji, kisha hurudisha karibu zote mwilini. Ukuta wa kapilari ukishaharibika, protini iitwayo albumini, ambayo ni kubwa na haikupaswa kupita, huanza kuponyoka kidogo kidogo. Mwanzoni ni kidogo kiasi kwamba kipimo cha kawaida cha mkojo hakiioni. Kinahitajika kipimo maalumu. Povu kwenye mkojo na miguu kuvimba huja baadaye sana.

Lutale, Abbas na wenzao waliwapima wagonjwa wa Dar es Salaam kwa kipimo hicho maalumu na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Kati ya wagonjwa 244, karibu mmoja katika kila kumi alikuwa katika hatua ile ya mwanzo. Hiyo ni habari ya kusikitisha, na pia ni habari ya fursa, kwa sababu hatua hiyo ndiyo inayotibika: sukari ishuke, presha ishuke, na dawa za kawaida kama kaptoprili au losartani zipunguze shinikizo ndani ya chujio. Ni dawa za bei ya kawaida katika maduka ya dawa. Upande wa pili wa mstari huo kuna kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, maisha yote yaliyobaki au mpaka apatikane ndugu wa kutoa figo. Tanzania ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Muhimbili mnamo Novemba 2017. Ni hatua kubwa ya kujivunia, lakini hakuna nchi inayoweza kupandikiza figo kwa kasi ambayo kisukari kinaziua.

Jambo la kushangaza ni kwamba madhara haya, kwa wingi huu, ni mageni katika historia ya tiba. Kabla ya insulini, iliyotumika kwa mtu kwa mara ya kwanza Toronto mnamo Januari 1922, mtoto mwenye kisukari alikufa upesi mno kiasi kwamba mishipa yake haikupata muda wa kuharibika. Ni mwaka 1936 tu ndipo Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walipoeleza vinundu walivyoviona katika figo za wagonjwa wa kisukari waliofariki.

Tanzania imeipita njia hiyo, ya wagonjwa kuishi muda mrefu hadi madhara yaonekane, kwa kuchelewa. Miaka ya 1980, Donald McLarty, daktari kutoka Uskoti aliyefanya kazi Muhimbili, pamoja na Andrew Swai na wenzao, walipima watu katika vijiji na kukuta wenye kisukari ni chini ya mmoja katika kila watu wazima mia. Mjini waliwafuatilia wagonjwa 1,250 walioandikishwa Muhimbili kati ya 1981 na 1987. Mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana sukari iliyopanda. Vipimo na sampuli havikuwa sawa, kwa hiyo namba ya vijijini na hii ya kitaifa haziwekwi kwenye mzani mmoja, lakini hakuna muuguzi wa zamani wa Dar es Salaam atakayeshangaa kuambiwa foleni imerefuka. Wako wengi sasa wanaoishi na kisukari miaka kumi, kumi na tano, ishirini. Huo ndio umri ambao mishipa midogo huanza kudai deni.

Na deni hupungua likianza kulipwa mapema. Hilo lina ushahidi wa uhakika. Mwaka 1993 utafiti wa Marekani na Kanada ulimaliza kuwafuatilia wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza. Kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, kudhibiti sukari kwa ukaribu kulipunguza kwa asilimia 76 hatari ya retina kuanza kuharibika. Mwaka 1998 Uingereza ilitoa majibu kwa kisukari cha aina ya pili, kile cha ukubwani: madhara ya mishipa midogo yalipungua kwa robo kwa kudhibiti sukari, na kwa zaidi ya theluthi kwa kudhibiti presha. Utafiti huo wa Uingereza ulionyesha jambo jingine linalopaswa kusemwa kwa sauti: karibu nusu ya wagonjwa walikuwa tayari na dalili fulani ya madhara siku walipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wana kisukari. Ugonjwa ulikuwa umewatangulia kwa miaka.

Zinabaki neva, ile mishipa ya fahamu, za miguu. Neva nayo ni kiumbe hai kinachohitaji damu, na ina vikapilari vyake. Iliyo ndefu kuliko zote huanzia kiunoni na kuishia kwenye vidole vya mguu, kwa hiyo ndiyo inayoathirika kwanza. Hupigwa na sukari yenyewe na hupigwa na njaa ya mishipa yake. Watu husema miguu inawaka moto usiku, au wanatembea kama juu ya pamba, au ndala imevuka na hawakujua. Baada ya moto huja ganzi, na ganzi hupokewa kama nafuu. "Siku hizi haiumi tena," mtu husema kwa furaha, na katika kliniki nzima hakuna sentensi inayomtia daktari wasiwasi kuliko hiyo.

Mguu usiohisi hukanyaga msumari na kuendelea na safari. Huungua kwenye maji ya kukandia. Jiwe hubaki ndani ya kiatu kuanzia Magomeni Usalama mpaka Kariakoo na kurudi. Kidonda kikishafunguka, damu ya kukiponyesha haifiki vizuri, chembe za kinga nazo hufanya kazi kwa ulegevu sukari ikiwa juu, na bakteria hufurahia. Mikono haikusalimika: mwaka 2002 Abbas na wenzake walieleza wagonjwa wa Dar es Salaam ambao mkwaruzo au kuumwa na mdudu tu kulianzisha maambukizi ya mkono yaliyoenea kwa kasi ya kutisha.

Mwaka 2004 ulianza mpango uliohusisha Tanzania na nchi kadhaa za Asia Kusini, wa kuwafundisha madaktari na wauguzi kwa jozi namna ya kuhudumia miguu ya wenye kisukari kabla haijafika kwenye msumeno. Vifaa vyake ni vichache sana: macho ya muuguzi, kisu cha kusafishia sugu, ushauri wa viatu, na uzi mgumu wa nailoni unaopinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu kumi. Nyumbani vinahitajika hata vichache kuliko hivyo: kioo cha kuwekwa sakafuni ili mtu auone unyayo wake, au mjukuu mwenye macho mazuri, na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, ambacho huweza kumzuia panya pamoja na mbu.

Kipimo cha uzi huchukua dakika chache. Mgonjwa huvua viatu, hupandisha miguu kitandani na kufumba macho. Muuguzi huweka uzi kwanza kwenye mkono ili mgonjwa ajue unavyogusa, kisha humwambia aitike kila atakapousikia mguuni. Kwenye upinde wa unyayo mgonjwa huitika. Kisigino, huitika, baada ya kusita. Kidole gumba cha kulia, kimya. Muuguzi hurudia palepale, hungoja, halafu huchora duara dogo kwenye mchoro wa unyayo uliomo ndani ya faili, na kuhamia kidole cha pili.